Meza ya Mzee Sikio

Watu wa sokoni wana tabia moja mbaya: wakishakupa jina hawakupi nafasi ya kulivua, hata likianza kukubana kama kiatu cha mwaka juzi. Mzee Sikio alipewa lake akiwa na miaka ishirini na minne, na aliyempa hakuwa hata muuzaji mwenzake. Alikuwa mteja, msichana mmoja mwenye maneno mengi aliyekuja kumjaribu. Alimwambia amchagulie tikiti la kula Jumanne, si Jumatatu wala Jumatano. Kijana akagonga matikiti sita kwa kifundo cha kidole, kila moja akiliinamia na kulisikiliza, kisha akampa la saba. Jumamosi iliyofuata msichana alirudi, akasimama katikati ya soko na kutangaza kwamba Jumanne jioni amekula kitu ambacho hajapata kukila tangu aachishwe ziwa, na kwamba yule bwana pale si mtu, ni sikio. Jina likashika siku hiyo hiyo. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wameoana, na kwa kuwa mke hakujua kunyamaza, soko likamwita yeye Kasuku.

Sasa hebu fikiria balaa la mtu anayeitwa Sikio kufiwa na masikio yake mwenyewe. La kulia lilikwenda kwanza, yapata miaka minane iliyopita. La kushoto likafuata kidogo kidogo, kama bomba linaloziba, mpaka akabaki kusikia mavumo tu: lori likinguruma, bati likipigwa na upepo, mtu akipiga kelele karibu naye. Maneno hakuyapata. Tikiti nalo, uligonge utakavyo, halikumwambia kitu. Na yeye hakumwambia mtu yeyote. Fundi viatu akikatika mkono kila mtu anauona, lakini sikio likifa limebaki palepale kichwani, zima kabisa kwa kulitazama, na mwenyewe akijikaza anaweza kwenda nalo hivyo hivyo mpaka kaburini. Ndivyo alivyojidanganya.

Aliyembeba miaka yote hiyo ni Kasuku. Mteja akija na sauti ya chini, Kasuku husogea upande wa kushoto wa mumewe na kuyarudia maneno kwa kelele: anataka mawili, moja la leo na moja la keshokutwa! Watu wakacheka wakisema huyu mama hata maneno ya wenzake lazima ayaseme yeye. Mzee akigonga tikiti, Kasuku huinama kama anayelifuta vumbi, akasikiliza yeye, halafu humkanyaga mumewe mguu chini ya meza. Mara moja ni la leo, mara mbili ni la kesho, mara tatu liache. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo hata siku moja, hata wakiwa wawili chumbani. Ila tangu masikio yalipoanza kuharibika, Kasuku aliacha kumwita mumewe Sikio. Alimwita mwenzangu, na Mzee alielewa, akashukuru kimoyomoyo.

Halafu mwishoni mwa baridi, siku chache kabla ya kupanda, Kasuku akafa. Alikwenda stoo alasiri kufuata jembe dogo, moyo ukamkatikia humo humo. Mzee alikuwa barazani, hatua ishirini tu kutoka pale, ameinamia beseni anaosha mbegu. Kwa kila aliyekuja kumpa pole alisema maneno yale yale: amekwenda kimya, hakuteseka, hakuniita hata. Aliyasema mara nyingi mpaka yakalainika mdomoni. Yalimsaidia kulala, na mtu aliyefiwa na mwenzake wa miaka arobaini na moja ana haki ya kutafuta cha kumlaza.

Mwaka huo alilima peke yake. Alipanda kwa kuchelewa, akapalilia kwa kuumwa mgongo, akavuna. Sokoni alijiegemeza kwenye hila aliyokwisha kuianza zamani: kutikisa kichwa kama anayekubali. Mtu akisema jambo, Mzee anatazama midomo, anapata neno moja au mawili, anatabasamu na kutikisa kichwa. Akiona uso wa mtu una swali, anasema sawa. Akiona una huzuni, anasema ndivyo dunia ilivyo. Akiona bado anangojwa, anasema wewe ndiye unayejua. Kwa maneno hayo matatu alivuka mavuno karibu yote, na alijiona mjanja.

Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya mwisho. Kiangazi kilikuwa kinaaga vibaya, mawingu yameshuka mpaka juu ya mapaa, na manyunyu ya alfajiri yameacha madimbwi kwenye uwanja wa soko, nyuma ya ofisi za mji. Chini ya paa la bati meza za saruji zilipangwa safu nne, kila moja na namba yake ya rangi nyeupe. Watu walikuwa wameleta masalia: nyanya zilizopasuka, mahindi yaliyokomaa kupita kiasi, maboga, pilipili za mwisho. Soko la mwisho wa mavuno lina harufu ya vitu vilivyochelewa, na siku hiyo harufu ile ililala chini, haikupanda, kwa sababu ya unyevu.

Binti yake ndiye aliyemleta kwa pikapu. Alikuwa mtoto wao wa pekee, mshonaji mwenye duka dogo mjini, mwanamke wa makamo sasa, mwenye pini za kushonea kwenye ukosi hata siku za mapumziko. Njiani alisema jambo mara mbili huku macho yakiwa barabarani, na mara mbili baba yake alitikisa kichwa. Walipofika alimsaidia kushusha beseni lake na matikiti kwenye meza namba kumi na saba, akayapanga juu ya majani makavu, akamtazama baba yake kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akaenda zake kununua pilipili.

Meza ya kumi na nane ilikuwa ya Mama Vitunguu. Huyu alikuwa jirani yake mara mbili, sokoni na nyumbani, kwani huko nyumbani ua wa miti tu ndio uliowatenganisha. Tangu msiba alikuwa amebadilika. Alimletea Mzee chakula, alimfulia mapazia, alimchagulia vitunguu vikubwa bila kuombwa, lakini hakumtazama usoni. Mzee aliwaza sana juu ya jambo hilo na mwisho akaamua, mwenyewe na akili zake, kwamba mama wa watu anataka kuolewa. Kuanzia siku hiyo akawa anafunga vifungo vya shati mpaka cha juu kabisa akienda kumsalimia.

Wateja walikuja mmoja mmoja. Mpishi wa hoteli ya stesheni alifika mapema na gari lake, kama alivyofika kila mwisho wa mavuno kwa miaka mingi. Alisema maneno marefu. Mzee alitazama ile midomo minene, akapata neno kumi, akatikisa kichwa. Ndipo alipoanza maigizo yake. Alikunja mkono wa shati, akagonga tikiti la kwanza, akafumba macho, akainamisha kichwa, akatulia kama mtu anayesikiliza habari kutoka mbali. Kwa kweli alikuwa anapapasa chini kutafuta lile doa la manjano ambalo tikiti hupata likilala shambani, na akichungulia kama kile kikamba kinachojikunja karibu na kikonyo kimekauka. Dalili hizo mkulima yeyote anazijua. Zinakwambia tikiti limekaribia. Hazikwambii leo au Alhamisi. Hilo la siku ndilo lililompa jina, na hilo lilitaka sikio. Alichagua kumi. Mpishi akalipa, akampa mkono, halafu akaongeza na wa pili juu yake, akaubana mkono wa Mzee baina ya mikono yake miwili. Mzee alifurahi. Alijiambia kwamba wateja wa zamani ni wateja wa zamani.

Baadaye kidogo alibeba majani yaliyolowa kwenda kuyatupa kwenye pipa la takataka, nje ya geti. Gari la mpishi lilikuwa bado pale, mlango wa nyuma wazi. Mzee alisimama nyuma ya nguzo, hakutaka kumsumbua mtu na kazi yake. Mpishi alikuwa amepanga matikiti yote kumi sakafuni mwa gari na alikuwa anayagonga. Aligonga moja, akalisogezea sikio, akaliweka kulia. Aligonga la pili, akaliweka kushoto. Alipofika la kumi, upande wa kulia kulikuwa na matatu. Yale saba ya kushoto aliyashusha taratibu, akayalaza chini kando ya pipa ili mwenye kutaka achukue, akafunga mlango, akaondoka. Ndani ya pipa Mzee aliona tikiti jingine la Jumamosi iliyopita, alilitambua kwa mistari yake, limepasuliwa kwa kisu kikubwa na kuachwa. Ndani lilikuwa jeupe kama sabuni.

Uso ulimshuka. Alisimama pale na majani mkononi, maji yakimchuruzika kwenye kiwiko, akitamani ardhi ipasuke. Lakini mtu aliyezoea kujidanganya haachi siku moja. Mpaka anarudi mezani alikuwa amekwisha kupata la kusema: ni mpishi peke yake aliyegundua, na mpishi ni mtu mzima, hatatangaza. Mwaka ujao atapanda mapema, ataacha matikiti yakomae shambani mpaka yajisemee yenyewe. Muhimu ni meza. Akiwa na meza, na jina likiwa juu ya meza, mengine yatapatiwa dawa. Bila meza atakuwa nani? Mzee tu, kiziwi, ndani ya nyumba yenye viti viwili.

Alikuta watu wawili wameizunguka meza yake na futi ya kupimia. Walikuwa mume na mke, wauza asali, bado wabichi katika ndoa kwa namna walivyogusanagusana. Mume alishika ncha moja ya futi kwenye kona, mke akaivuta mpaka kona ya pili, akaandika kiganjani. Walipomwona walishtuka, wakainama kumsalimia kwa heshima nyingi mno, wakarudi nyuma. Mzee akatabasamu, akatikisa kichwa. Kwa nini asitabasamu? Hakujua.

Akaja karani wa soko na faili lake. Karani huyu alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kuomba radhi kabla hajakosa. Alisema maneno yake, akafungua faili, akaweka karatasi mbele ya Mzee na kalamu juu yake. Mzee akavaa miwani. Masikio yalikuwa yamekufa, macho yalikuwa hai, na alisoma vizuri sana. Mimi mwenye meza namba kumi na saba, ilisema karatasi, kwa hiari yangu narudisha meza hiyo kwa uongozi wa soko kuanzia leo, siku ya mwisho ya mavuno. Jina lake kamili lilikuwa limekwisha kuandikwa. Anwani haikuwa ya shambani. Ilikuwa ya duka la kushona, mjini. Mwandiko wa jina na wa anwani aliujua, maana ndiye aliyeushika ule mkono ulipokuwa unajifunza herufi.

Alisoma mara ya pili. Ndipo ile Jumapili ya wiki tatu zilizopita ikamrudia yote. Binti yake alikuja mchana, wakanywa chai. Aliongea kwa muda mrefu, mrefu sana, na muda wote alikuwa ameinamia kikombe, midomo haionekani. Mwishoni alilia. Mzee alidhani anamlilia mama yake. Alimwekea mkono kichwani, akamwambia sawa, mwanangu, wewe ndiye unayejua. Binti aliinua uso ghafla, akamtazama kwa mshangao, akaubusu mkono wake. Mzee alipandwa na furaha siku ile. Aliona amemtuliza mtoto.

Kumbe alikuwa ametoa meza, shamba na nyumba kwa kutikisa kichwa.

Ukimuuliza mtu mwingine atakwambia jambo lenyewe ni rahisi, si anakataa tu? Akatae vipi? Akisema sikukubali, binti yake atasema mbele ya watu, ulikubali, Baba, ulisema sawa. Na ni kweli alisema. Njia ya kujitoa ilikuwa moja, kusema kwamba hakusikia. Akisema hakusikia, soko zima litajua kwamba Sikio ni kiziwi, na ile meza aliyoiokoa itakuwa ya kuuzia nini? Alisimama na kalamu mkononi, huku hakuendeki, huko hakurudiki.

Aliirudisha kalamu juu ya karatasi. Akasema hapana. Karani alisema kitu, akaonyesha jina lililoandikwa. Mzee akasema tena hapana, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, kwa kuwa kiziwi hajui kipimo cha sauti yake. Watu wakageuka. Mama Vitunguu akasimama. Binti akaja mbio kutoka upande wa pilipili, mfuko mkononi, akaitazama karatasi, akamtazama baba yake, akaanza kusema haraka haraka, na midomo yake ikawa kama mashine yake ya kushonea, haishikiki. Wauza asali walikuwa wamesimama kando ya nguzo wakitazama miguu yao.

"Sikukusikia," Mzee akasema.

Alisema bila kupanga. Lilimtoka kama jino lililooza linavyotoka, kwa maumivu na nafuu pamoja. Akaona bora amalize.

"Siku ile sikukusikia. Hata sasa sikusikii. Sisikii kitu, mwanangu, yapata miaka mitatu sasa. Nilitikisa kichwa tu."

Alingoja mshangao. Aligeuza macho kwa karani, kwa muuza mahindi, kwa yule mama wa maboga, kwa wanunuzi waliosimama na vikapu, akitafuta uso mmoja ulioshtuka. Hakuuona. Wote walikuwa wameinamisha macho, kama watu wanaosikia jambo wanalolijua na ambalo walikuwa wanaomba lisisemwe. Loo, hapo ndipo alipokufa mara ya kwanza siku hiyo. Walijua. Wote. Walikuwa wamenunua matikiti meupe mavuno mazima wakayatupa njiani, kwa ajili yake.

Binti yake alimshika mikono, akajiweka mbele yake uso kwa uso, akasema maneno mawili polepole, na haya aliyaona vizuri.

"Najua, Baba."

"Unajua? Ulijua siku ile kwamba sisikii?"

Akatikisa kichwa kukubali. Machozi yalikuwa yameshamtoka.

Hasira ikampanda Mzee. Alimwambia, mbele ya wote, kwamba hiyo ni hila ya mwizi, kumwomba mtu kitu chake kwa kinywa kilichoinamia kikombe. Alimwambia kama alitaka kumhamisha angeandika, kalamu anazo, si alimfundisha yeye? Kisha akasema lile lililomlinda tangu msiba.

"Nyumba ile sitoki. Mama yako alifia mle, kwa amani, kimya, hata hakuniita. Na mimi nitafia mle mle."

Mama Vitunguu alikuwa na kisu chake kidogo cha kukatia majani ya vitunguu. Alikiweka mezani, akaufunika uso kwa viganja vyote viwili, na mabega yakaanza kumtikisika. Binti aligeuka upesi akamwinulia mkono, ishara ya kumzuia. Mzee aliiona ile ishara. Mtu asiyesikia huona vingi, na miezi yote ile alikuwa ameona vingi na kuvielewa vibaya: yule mama asiyemtazama usoni, vitunguu vikubwa, mapazia yaliyofuliwa.

Akamuuliza kuna nini. Mama Vitunguu akakataa kwa kichwa. Akamuuliza tena, akazunguka meza, akasimama mbele yake. Binti alimvuta shati kwa nyuma, naye akaukung'uta ule mkono.

Mama Vitunguu akaondoa viganja usoni. Akafungua mdomo wazi kabisa, silabi moja moja, kama anayemfundisha mtoto.

"A-li-ku-i-ta."

Kisha akainua vidole vitatu.

Mzee hakuhitaji kuuliza mara ngapi. Alivitazama vile vidole vyenye madoa ya kijani, na alasiri ile ikaja yote. Jua dogo la mwisho wa baridi barazani. Beseni. Mbegu nyeusi zinazoelea na zile nzuri zinazozama. Mgongo wake ukiwa upande wa stoo. Alikuwa na furaha wakati ule, hilo ndilo lililomchoma kuliko yote, alikuwa na furaha, na nadhani alikuwa akipiga mluzi, kwa kuwa midomo yake ilikumbuka umbo la mluzi. Halafu Mama Vitunguu akaingia kwa mbio kupitia pengo la ua, khanga imemdondoka begani, na yeye Mzee akainua kichwa akamchekea, akamwambia karibu mama, mwenzangu yuko stoo.

Binti alikuwa sasa anasema huku anamtazama, polepole, na Mzee alikuwa anaokota vipande: birika lililoungua mpaka chini. Mlango, nagonga saa nzima. Gari lililorudi nyuma karibu likuponde. Siwezi, Baba. Nikikupigia usiposikia nafikiri umekufa. Sikuweza kukwambia habari ya Mama, na bila habari ya Mama ningekutoaje mle ndani? Nilitaka useme tu sawa. Nilijua utasema sawa.

Mzee aliketi kwenye kreti tupu. Hakulia. Aliuliza jambo moja tu, akimwelekea Mama Vitunguu.

"Aliniitaje? Alisema mwenzangu?"

Mama Vitunguu alimtazama binti, na binti safari hii hakumzuia. Kisha akainua mkono wake wa kulia, taratibu, akalishika sikio lake.

Hakuna aliyecheka. Jina ambalo Kasuku mwenyewe alimpa wakiwa vijana, akaliacha kwa huruma alipoona linamuumiza, lilimrudia kinywani siku alipoogopa. Mara tatu. Naye aliyeitwa alikuwa hatua ishirini, ameinama, anachagua mbegu.

Mvua ilianza kupiga juu ya bati, na hilo Mzee alilihisi kwa mbali, mvumo tu. Aliinuka akishika ukingo wa meza, akavuta karatasi, akatia sahihi mahali palipokuwa na nukta nukta. Karani aliipokea kwa mikono miwili kana kwamba ni kitu cha kuvunjika. Kisha Mzee aliwaita wale wauza asali, akawaonyesha kwamba mguu wa nyuma wa meza una ufa, wauwekee jiwe bapa, na kwamba upande wa kushoto hauingii maji hata mvua inyeshe vipi, mke asimame upande ule. Wakashukuru. Matikiti yaliyobaki aliyaacha hapo hapo, mwenye kutaka achukue, akiwaambia kwa sauti yake kubwa wasiyatupe njiani, wayape ng'ombe.

Aliingia kwenye pikapu na beseni lake tupu mapajani. Binti akawasha gari, wakatoka getini, wakalipita lile pipa na yale matikiti saba yaliyolowa kando yake. Wiper zilikuwa zinakwenda na kurudi. Walipofika kwenye njia panda, mahali pa kukata kwenda shambani au kwenda mjini, binti akasema kitu, macho yakiwa barabarani. Mzee aliona taya lake likicheza.

Kichwa chake kilianza kutikisika chenyewe kwa mazoea. Akakizuia.

"Simamisha gari," akasema. "Nigeukie. Sema tena."

Binti akasimamisha gari kando ya barabara, akazima injini, akamgeukia.